Ngoma haichoshi, biti inachosha: kupanga mapigo ya kila sehemu ya wimbo

Harusi ikiwa Makorora hapa Tanga, ngoma ikaanza baada ya isha, watu wanaweza kucheza mpaka alfajiri. Ukikaa pembeni ukasikiliza, utasema mapigo ni yaleyale tangu mwanzo. Hakuna anayelalamika, na bibi mwenye miaka sabini bado yumo uwanjani. Kesho yake kijana anakuja studio na biti yake kwenye flashi. Kiki, ile dramu nzito ya chini, inagonga kifua, sneya, ile dramu ya mlio mkavu, ina makali, mlio umechaguliwa vizuri kabisa. Tunaicheza. Ikifika kiitikio cha pili, mwenyewe ameshatoa simu anasoma ujumbe. Wimbo wa dakika tatu umemchosha hata aliyeutunga, na ngoma ya usiku kucha haijamchosha bibi. Kwa nini?

Swali hili nimelibeba muda mrefu, kwa sababu vijana wengi wanaokuja kwetu Ngamiani wanalo bila kulijua. Wanasema "biti kali, lakini wimbo hauendi." Wanadhani dawa ni kuongeza vyombo, au kutengeneza biti nne tofauti, moja ya mwanzo, moja ya ubeti, moja ya kiitikio na moja ya daraja (kile kipande cha kabla ya kiitikio cha mwisho), kisha kuziunga kama viraka. Nimejaribu njia zote hizo, na wimbo unaotoka huwa ama umejaa kupita kiasi ama umekatikakatika.

Jibu nililipata kwa kuwasogelea wapigaji wenyewe. Ngoma hairudii. Kinachorudiwa ni sehemu moja tu ya ngoma.

Watazame watu watatu. Katika kundi nililolifuatilia kwa makini, mwenye chapuo, ile ngoma ndogo, alipiga kitu kimoja usiku mzima. Wa pili alikuwa anamjibu, mara anajaza, mara anapunguza. Wa tatu, mwenye ngoma kubwa, ndiye aliyekuwa anaongea. Mwimbaji akitoa maneno, mkono wake ulitulia, pigo moja hapa, moja kule. Maneno yakiisha na wachezaji wakiingia katikati, ngoma kubwa ilifunguka. Akiona wamechoka, aliwashusha. Majukumu haya hubadilika kutoka ngoma moja hadi nyingine, na mara nyingine ni ndogo inayoongea na kubwa inayotulia. Mgawanyo wenyewe lakini ni uleule: mmoja anashikilia, mmoja anajibu, mmoja anaongea. Bibi haoni kuchoka kwa sababu kila dakika anaambiwa jambo jipya, juu ya kitu ambacho hakiondoki chini ya miguu yake.

Kwa hiyo kwenye kompyuta huandiki biti nne. Unachagua kitu kimoja kitakachoshikilia wimbo mzima, kisha unaamua nani anaongea wapi, kwa sauti gani, na lini ananyamaza.

Tuweke hesabu mezani, maana bila hesabu haya yote ni maneno matamu tu. Programu nyingi za kutengenezea biti zinaigawa baa moja, yaani mzunguko wa mapigo manne, katika vyumba 16. Mashine ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja kwa kazi hiyo. Mimi huwafundisha vijana kwa bao, kwa sababu mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa bao ni nini. Upande wako una mashimo 16, manane ya mbele na manane ya nyuma. Baa moja ni upande mmoja wa bao, na kila pigo ni kete unayoiweka kwenye shimo. Ukihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa mguu, mguu unashuka kwenye shimo la 1, la 5, la 9 na la 13. Mengine yote ni nafasi za katikati, na ndimo muziki unamokaa.

Tuchukue wimbo wenye mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Pigo moja linachukua sekunde 0.625, na baa ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5. Baa 8 ni sekunde 20. Dakika tatu zina baa 72, na unaweza kuzigawa hivi: mwanzo baa 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, daraja 8, kiitikio 8, mwisho 4. Jumla 72. Si sheria, ila mtu akiniletea biti ya lupu moja, yaani kipande kimoja kinachojirudia, ya baa 4, namwonyesha hesabu hii ili aone kwamba msikilizaji atalisikia jambo lilelile mara 18.

Sasa kishikilio. Mimi napenda mlio wa mti, mkavu na mfupi, kwenye mashimo ya 1, 4, 7, 11 na 13. Hatua kati yake ni 3, 3, 4, 2, 4. Pigo hili Wacuba wanaliita klave. Mizizi yake ni ya Afrika, lilivuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani, kisha likarudi kwa santuri. Zile za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilieneza muziki wa Cuba sehemu nyingi za Afrika, na rumba ikaingia kwenye dansi na hata kwenye taarabu. Ndiyo maana likipigwa hapa halionekani mgeni. Mti huu hauzimwi. Unaweza kuushusha chini kabisa mpaka msikilizaji asijue kama anausikia, ila uwepo.

Hapa ndipo nataka tukae, kwenye ubeti, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu na ndipo lugha yetu yenyewe inapotupa jibu.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mashairi yetu ya kawaida yana mizani 16 kwa mstari, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili), na maneno mengi ya taarabu yametungwa kwa kipimo hicho. Chukua kipande kimoja cha mizani 8: "Nakungoja bandarini." Kiimbe polepole, silabi moja kwa kila mashimo mawili. Na inakaa shimo la 1, ku la 3, ngo la 5, ja la 7, ba la 9, nda la 11, ri la 13, ni la 15. Tazama mkazo umeangukia wapi. Ngo iko kwenye 5 na ri iko kwenye 13, na 5 na 13 ndiyo mashimo ya sneya katika biti nyingi za dunia hii. Mkazo wa kwanza unaweza kuhama kutegemea maneno uliyotumia. Wa mwisho hauhami. Kipande chochote cha mizani 8 kikiimbwa hivi kitaweka mkazo wake wa mwisho kwenye shimo la 13, na kina chake, ile silabi ya mwisho ambayo mtunzi ameihangaikia, kwenye shimo la 15.

Mara ya kwanza nilipoliona hili nilichukua daftari nikajaribu vipande vingine, na kila kimoja kikakaa palepale.

Maana yake kwa drams ni kubwa. Kwenye ubeti wa kwanza, sneya ya shimo la 5 naiondoa. Nabaki na 13 peke yake, tena si sneya kamili bali rimu, kijiti kikigonga ukingo wa dramu. Kiki naiweka 1 na 11. Basi. Mti unaendelea chini. Ukisikiliza, pigo la 13 linabeba mkazo wa maneno, halafu 14, 15 na 16 ziko wazi, na kina kinasikika mpaka irabu yake ya mwisho. Sasa jaribu kuweka kiki nzito au tomu, dramu nyingine ya mlio mzito, kwenye shimo la 15. Utasikia "bandarini" imegeuka, mkazo umehamia kwenye ni, na neno linasikika kama linatamkwa na mtu aliyejifunza Kiswahili juzi. Kijana ataniambia mwimbaji hajatulia, atarudia kurekodi mara kumi, kumbe kosa liko kwenye kiki.

Biti nyingi tunazopakua zimejengwa kwa nyimbo za Kiingereza, ambako mistari mingi huishia kwenye silabi nzito, na prodyuza wa kule hana sababu ya kuacha nafasi baada ya 13. Sisi tunayo. Sisemi biti hizo ni mbaya. Nasema zichunguze mwisho wa kila baa kabla hujaandika maneno juu yake.

Hesabu nyingine inayonifurahisha: mstari mzima wa mizani 16 unachukua baa mbili. Ubeti wa shairi wa mistari minne, yaani tarbia, unachukua baa 8, sekunde 20. Kwa hiyo baa 16 za ubeti wa wimbo zinabeba beti mbili za tarbia, na hapo katikati, baa ya 8 ikiisha, pana kituo cha asili. Hapo mjibu wako anaweza kuingia. Mimi huleta haihati, yale matoazi mawili yanayofumbana, kwenye 3, 7 na 11, na 15 naiacha kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Msikilizaji hatasema "haihati imeingia." Atahisi tu kwamba hadithi imesogea.

Anayechana haraka, silabi moja kwa kila shimo, ana hesabu tofauti. Kwake sneya ibaki 5 na 13 ili apate pa kuegemea, na kinachopunguzwa ni kiki.

Kiitikio ni rahisi zaidi kueleza. Jina lake limeshasema kazi yake: ni kitu cha kuitikiwa, na kuitikia ni kazi ya wengi. Drams nazo zisikike kama za wengi. Sneya irudi shimo la 5 na kubaki 13, na hapo tu umeongeza maradufu mapigo yake bila kubadilisha mwendo. Rimu iwe sneya kamili, na juu yake makofi, yaliyocheleweshwa kidogo sana, maana watu ishirini hawapigi kofi kwa pamoja kama mashine. Kiki iende 1, 4, 9 na 11. Kayamba ijaze mashimo yote yasiyogawanyika kwa mbili. Toazi kubwa ligongwe mara moja, shimo la 1 la baa ya kwanza, likae kimya mpaka kiitikio kijacho. Nimesikia nyimbo ambazo toazi linagongwa kila baa mbili, na baada ya dakika moja halimwambii mtu chochote.

Lakini kiitikio kikubwa hakitokani na kiitikio. Kinatokana na sekunde moja na kitu iliyokitangulia.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja aliyepiga dumbaki miaka mingi kwenye taarabu hapa mjini, enzi ambazo vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vimeshaingiza gitaa la umeme na besi na taarabu ya Tanga ikawa na mwendo wake. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, akanipa marahaba na kikombe cha kahawa, na nilipomweleza shida yangu akaomba nimletee dumbaki lililokuwa ndani. Akapiga ubeti huku akiimba kwa kuguna. Karibu na kiitikio nilitegemea atapiga roli, ule mfululizo wa mapigo ya haraka ambao sisi wa kompyuta tunaupenda. Hakupiga. Aliubandika mkono wote juu ya ngozi, sauti ikakatika. Nikasikia baiskeli inapita barabarani. Kisha akashuka na pigo zito katikati ya ngozi, na mwili wangu ukasogea wenyewe.

"Umeona, mwanangu," akasema. "Mkono usipoondoka, watajuaje kuwa umerudi?"

Niliporudi studio nililipima lile jambo. Kwenye mwendo wetu wa 96, baa ya mwisho ya ubeti, ondoa kiki, besi na vyote isipokuwa mti kuanzia shimo la 9 hadi la 16. Nusu baa, sekunde 1.25. Sauti ya mwimbaji inabaki na mti peke yake, kina kinaanguka kwenye 15 kikiwa uchi kabisa, halafu shimo la 1 la kiitikio linatua na kiki, toazi na besi kwa pamoja. Hujaongeza sauti hata kidogo, lakini kila mtu chumbani atasema kiitikio kimepigwa kwa nguvu zaidi. Roli nayo ina mahali pake. Naitumia kuingia kiitikio cha mwisho, mara moja, ili isizoeleke.

Kila kingo mbili zinazokutana zinahitaji alama ya namna hii, na alama zisifanane. Kutoka kiitikio kurudi ubeti wa pili, mimi hupenda kuiacha kayamba iendelee baa mbili ndani ya ubeti kabla ya kuinyamazisha, kama mtu aliyechelewa kutoka uwanjani. Ikikatwa ghafla, ubeti wa pili unasikika kama wimbo umeanza upya.

Daraja, zile baa 8 kabla ya kiitikio cha mwisho, ni mahali pa kuondoa kiki kabisa. Sekunde 20 bila kiki ni ndefu, mwili unaanza kuidai. Bakisha mti, weka tari au tomu nzito kwenye 1 na 7, na baa mbili za mwisho rudisha vitu kimoja kimoja.

Wapo wasiotaka daraja, wanataka wimbo uchemke. Hiyo ni njia yetu ya zamani na naipenda kuliko zote. Bendi za dansi, zikiwemo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilizoitangaza Tanga miaka ya 1960 na 1970, zimekulia katika muziki ambao wimbo wake huwa na nusu mbili: kwanza maneno, taratibu, mpiga drams na mpiga tumba wakimpisha mwimbaji, kisha chemko, magitaa yanachukua uwanja na mapigo yanakimbia. Wakongo wanaiita sebene. Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, kupitia mpiga drams wake Meridjo Belobi ndiyo inayotajwa kuipa sebene pigo la kavacha, linalokimbia juu ya sneya na haihati bila kupumzika. Ukiamua kuchemsha, usilifanye chemko kuwa kiitikio chenye kelele zaidi. Badilisha anayeongea. Sneya, iliyokuwa inasindikiza maneno, sasa ndiyo inayosema, na mwimbaji anakuwa mjibu, anatupia neno mojamoja.

Kitu cha mwisho ni mkono, na hiki hakiandikwi kwenye mashimo. Kompyuta inapima nguvu ya kila pigo kwa namba, kuanzia 1 hadi 127, na ukiweka kete kwa kubofya tu, nyingi zitakuwa na namba moja. Binadamu hapigi hivyo. Kayamba yangu ya kiitikio naipa 95, 55, 75, 50, kisha narudia, na kila baa ya nne nabadilisha namba mbili tatu. Kwenye ubeti, naweza kuongeza sneya ndogo ndogo zenye 30 hivi kwenye shimo la 8 na la 10, ambazo hazisikiki peke yake lakini ukizitoa biti inakauka. Kazi hii inachosha, inachukua jioni nzima, na hakuna atakayekusifu kwa ajili yake. Ifanye.

Mwenye kutengeneza chakacha hatatumia mashimo 16 bali 12, mguu ukishuka 1, 4, 7 na 10, na mizani zake zinakaa kwa namna nyingine kabisa. Hiyo inataka makala yake.

Ukimaliza, zima sauti ya mwimbaji na vyombo vyote, bakisha drams tupu. Cheza wimbo mzima mbele ya mtu asiyejua chochote kuhusu studio. Mimi huwa namwita mama anayeuza vitumbua mlangoni petu. Namwomba anyooshe kidole kila anapohisi watu wanatakiwa kuitikia. Akinyoosha kwenye sekunde ya 50, na tena kwenye 110 na 150, kazi imekamilika. Akikaa ananitazama mpaka mwisho, sigusi kiitikio. Narudi kwenye ubeti na kuanza kuondoa kiki.